Kuhama si kukimbia

Ndugu msomaji, katika Bukavu hakuna mtu asiyejua kufunga mizigo. Mwaka wa 1996, mwaka wa 2004 na tena Februari 2025, tuliona watu wakibeba watoto mgongoni na godoro kichwani, wengine wakipanda, wengine wakishuka, bila kujua watalala wapi. Lakini hiyo yote si kuhama, ni kukimbia. Mwenye kukimbia anafunga mlango, anaachia jirani ufunguo, na moyo wake unabaki ndani ya nyumba. Mwenye kuhama anafanya kazi ingine, na pengine ni nzito zaidi. Anakaa chini katika siku ya utulivu, bila mtu kumfukuza, na anajiuliza: je, saa imefika?

Wazee wetu walikuwa na desturi zao juu ya kazi hiyo. Katika kurasa hizi tunataka kueleza namna sisi, familia moja ya Kadutu, tulivyoulizana swali hilo muda wa miaka miwili, na namna mila ya Bushi ilitusaidia pale ambapo elimu yetu ya shule ilikuwa imefika mwisho.

Kalinzi na bwasa

Vijana wengi wa leo wanasikia maneno haya mawili bila kujua maana yake, basi tuanze hapo.

Katika Bushi, mwanaume aliyetaka pahali pa kukaa alienda kwa mwami, ao kwa mkubwa aliyegawa inchi kwa jina la mwami. Alitoa kalinzi, maana yake ng'ombe. Jambo lilifanyika mbele ya mashahidi, na pombe ya ndizi, ile kasigisi, ilinywewa juu yake. Toka siku ile mtu yule alikuwa na pake. Watoto wake wangebaki hapo kisha yeye, mradi waendelee kumheshimu aliyewapokea.

Bwasa ni kitu kingine. Katika bwasa mtu anaazimwa shamba kwa msimu. Analipa kwa kazi ya mikono, kwa pombe, na siku hizi kwa franga. Analima maharagi ao mtama, anavuna, anarudisha. Na katika bwasa kuna katazo moja ambalo kila mtoto wa kijiji analijua: usipande mugomba. Sababu gani? Mugomba haufi kwa msimu moja. Unazaa, unakatwa, na pembeni yake kitoto kinapanda, na kingine, na kingine. Mwenye kupanda mugomba amekwisha kusema: mimi ni wa hapa. Kabla ya karatasi za ofisi kufika kwetu, mugomba ndio ulikuwa sertifika.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Nyumba ya zamani, ile ya majani, ya duara, haikuishi miaka mingi. Mvua na mchwa viliimaliza, na wenyewe walijenga ingine hatua chache pembeni, ndani ya shamba lilelile la migomba. Basi kwa wazee wetu nyumba ilitembea, lakini inchi ilisimama. Sisi wa Kadutu tuligeuza mambo. Nyumba zetu ni za matofali na zinataka kusimama, lakini inchi ndiyo inatembea.

Nyumba ya Kadutu

Baba yetu alitoka upande wa Ngweshe akiwa kijana, akatafuta kazi mjini. Mwaka wa 1974 alinunua parsele yake juu ya kilima, Kadutu. Alijenga chumba kimoja, kisha kingine, matofali kwa matofali, kila mara alipopata kitu kidogo. Sisi wenyewe tulizaliwa humo, na wadogo zetu vilevile. Nyuma ya jikoni alipanda mugomba mmoja aliouleta kutoka kwa babu. Watu wa avenyu walicheka: katika parsele kama sanduku la kiberiti, mugomba wa nini? Yeye alijibu tu kama hayuko katika bwasa.

Mwenzetu mmoja anayefundisha elimu ya uraia alitutania siku moja: sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, kwa hiyo mbele ya sheria sisi wote tuko katika bwasa, hata mwenye etaje. Tulicheka. Lakini baba alikwisha kufa mwaka 2011 akiamini mugomba wake, na mama yetu vilevile.

Alama

Siku ya yenga, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya Rwanda. Kwetu ilikuwa ufa mwembamba tu katika ukuta wa sebule, kama uzi. Tuliuziba kwa simenti. Baadaye ufa ulirudi, tukauziba tena. Kufika mwaka 2016 mambo yalikuwa mengine. Mlango wa jikoni haukufunga tena, kila mwaka tuliukwangua kidogo. Bomba la maji lilijikunja na kukatika pahali palepale mara tatu. Mti wa avoka wa jirani ulianza kuinama, na nyuma ya jikoni udongo uliachana, hata mtoto aliweza kuingiza mkono.

Mwalimu mwenzetu wa jografia alikuja kutazama, na alitueleza bila kuzunguka. Bukavu imejengwa juu ya mawe ya zamani ya volkano. Mvua ya miaka maelfu iligeuza mawe hayo kuwa udongo wa mfinyanzi. Udongo huo unakunywa maji, unakuwa mzito, na juu ya mteremko unateleza. Kwa Funu na kando zingine za Kadutu, watu wa elimu walikwisha kuandika siku nyingi kama kilima chenyewe kinashuka polepole. Na sisi wakaaji tunakisukuma: tumekata miti, tumebananisha nyumba, na kila bati linamwaga maji yake kwa jirani wa chini, na yule wa chini anayamwaga kwa mwingine, mpaka mtoni. «Mwalimu,» alisema, «hii haiko ufa ya ukuta. Ni kilima iko napita chini ya nyumba yenu.»

Sasa tulijua. Lakini kujua si kuamua. Mwezi wa tano mvua ilipopunguka, ufa ulitulia, na sisi pia tulitulia. Mwezi wa tisa mvua iliporudi, tulilala tukisikiliza. Watoto walilala chumba cha mbele, wote watano, na viatu karibu na mlango. Tuliishi hivyo misimu miwili. Hata leo tunaona haya tukikumbuka.

Neno la mama

Aliyekataa ni mama. Tulipomwambia mara ya kwanza, alikuwa anapepeta maharagi, na hakuinua kichwa.

«Mimi niliingia hapa na mimba yako. Sasa munataka kunitosha kama kiti?»

Tulimwonyesha ufa. Alisema ameuona mbele yetu. Tulimweleza habari ya udongo na maji. Alisema baba yetu hakuwa mjinga. Mama wa watoto, ambaye anamjua kuliko sisi, alitushauri tuache mahubiri na tumuulize tu anaogopa nini. Ndipo alisema:

«Hapa nikikosa makala, najua mulango ya kugonga. Nikigonjwa usiku, najua nani atanibeba. Batu ba hapa banajua jina yangu. Kule nitakuwa mama nani?»

Tulinyamaza. Tulikuwa tumefikiri kama mama anashindana na sisi juu ya kuta. Kumbe yeye alikuwa anahesabu vitu ambavyo sisi hatukuhesabu: meza yake ya makala na chumvi mbele ya parsele, soko la Kadutu analofika kwa miguu, wamama wa kanisa, jirani anayeshika ufunguo wetu toka 1996. Mtu wa miaka zaidi ya sabini, ukimtoa katika hayo yote na kumweka katika nyumba imara, umemwokoa na nini? Hilo ndilo swali tulilobeba miezi mingi, na tunaamini familia nyingi za mji huu zinalibeba.

Kikao

Krismasi ya 2017 tuliita kikao cha familia. Dada alitoka Uvira, mdogo wetu alitoka Goma, na baba mudogo, ambaye ni mushamuka wa ukoo, alishuka kutoka kijijini. Kila mtu alisema lake. Mdogo wetu alitaka tuhame kesho yake. Dada alitaka tumngoje mama akubali. Sisi tulikuwa katikati, na deni mbili.

Baba mudogo aliomba kwanza aonyeshwe mugomba. Alienda nyuma ya jikoni, akauzunguka, akasimama mbele ya ile nafasi udongo ulipoachana. Aliporudi alikaa, akanywa kidogo, akasema:

«Babu yenu alitoa ng'ombe. Munafikiri alilipia majani ya nyumba? Alilipia pahali pa kusimamisha muguu. Kama muguu haisimame tena, kalinzi imekufa. Siyo miye nimesema, ni kilima imesema.»

Mama alimtazama tu. Hakujibu, lakini hakukataa. Kisha baba mudogo alituambia kama kuhama kuna njia yake, na mwenye kuipita anahama vizuri, na mwenye kuiruka anakuwa mkimbizi hata kama hakuna vita. Alihesabu mambo matatu kwa vidole. Kwanza, muage wale waliowapokea, musitoke usiku kama mudeni. Pili, kabla ya kubeba hata kijiko, mukaombe kule munakoenda, muone kama mutapewa. Tatu, nyuma yenu musiache shimo.

Kutafuta pahali

Tulianza kutafuta. Parsele ya kwanza ilikuwa ya bei ndogo, chini ya mikaratusi, yenye kuona ziwa lote. Tulifurahi. Mwenzetu wa jografia alituonyesha mashina: yote yalikuwa yamejipinda chini kama ndoana, kwa sababu udongo unashuka na mti unajitahidi kupanda wima. Tulitaka kutoka katika kinywa cha simba na kuingia katika kinywa cha mamba. Parsele ya pili ilikuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi yake. Ya tatu ilikuwa upande wa Bagira, ndogo kuliko ya Kadutu, lakini sawasawa, yenye mfereji mzuri juu ya barabara. Tuliilipa kwa likelemba ya walimu na mkopo wa ndugu, kwa vipande vitatu, mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi.

Siku moja ya posho, mama alipotea. Alitoka asubuhi na mwavuli wake, hakusema kitu. Saa kumi na mbili za jioni bado hatukumwona. Tulikuwa tumekwisha kutuma watoto kila upande, ndipo alishuka kwa moto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameenda Bagira peke yake. Alikaa siku mzima juu ya jiwe katika parsele mpya, akiangalia watu wakipita. Tulimuuliza alifanya nini huko.

«Niliomba chumvi,» alisema.

Alikuwa amegonga kwa nyumba ya kwanza, akasema yeye ni mama wa mwalimu atakayejenga pale, na ameishiwa chumvi. Walimpa. Alienda kwa nyumba ya pili, akaomba maji. Walimpa, na kiti tena. Kwa nyumba ya tatu alikuta mwanamke aliyewahi kuuza sambaza pamoja naye zamani, na walikula bugali pamoja. Alifungua kitambaa, akatuonyesha ile chumvi, kama kijiko kimoja.

«Sasa tunaweza kwenda.»

Sisi tulikuwa tumechunguza udongo, mfereji, karatasi na bei. Jambo la pili la baba mudogo hatukulifanya. Tulifikiri ni maneno ya heshima tu. Yeye ndiye alilifanya.

Shimo

Lilibaki jambo la tatu, na hapo ndipo tulijaribiwa.

Mwezi wa sita wa 2018, katika ukame, kijana mmoja alikuja kutazama nyumba ya Kadutu. Alikuwa na mke na watoto wawili. Alitoa dola 6.000. Kwa mwalimu anayelipwa mshahara mdogo na kitu cha wazazi, hesabu hiyo ni miaka. Ingelipa deni zote na kuweka bati juu ya nyumba mpya. Mdogo wetu alisema kwa simu: kila mtu anauza, na mnunuzi ana macho yake.

Ndiyo, alikuwa na macho. Lakini mwezi wa tano tulikuwa tumeziba ufa kwa simenti na kupaka chokaa, kama kila mwaka. Hatukufanya hivyo ili kudanganya mtu, na hata vile ufa haukuonekana. Kijana aligonga ukuta kwa mkono, akasema ni nyumba ya nguvu. Hatukusema kitu. Tulimwambia arudi kesho yake na pesa.

Usiku ule hatukulala. Tuliona wale watoto wawili katika kile chumba cha mbele, na viatu karibu na mlango. Asubuhi tulichukua nyundo, tukabomoa ile simenti kabla hajafika. Alipofika tulimwonyesha ufa, na nafasi nyuma ya jikoni, na mlango uliokwanguliwa. Alitazama muda mrefu. Alisema: «Aksanti, mwalimu.» Akaenda.

Tungependa kuandika kama alipata pahali pazuri. Lakini miezi miwili baadaye tulisikia alinunua katika kilima kilekile, chini kidogo, kwa bei ndogo zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa katika uwezo wake. Ukweli wetu haukumpa pahali pengine pa kwenda. Tuliumia. Mtu mmoja akikataa kuuza shimo, mashimo yanabaki mengi, na hapo mila ya familia moja haitoshi. Panahitajika mji wenye kupanga, wenye kuchimba mifereji, wenye kuonyesha maskini pahali pa kujenga.

Sisi tulibomoa nyumba ya baba. Matofali mazuri, mbao na mabati tulivipeleka Bagira. Mahali pa nyumba tulipanda mianzi na matete ili mizizi ishike udongo, na tulimjulisha shefu wa avenyu kama hapo hapauzwi. Wengine walicheka kwamba mwalimu ameacha dola elfu sita kwa majani. Misimu miwili ya mvua kisha hapo, upande wa jikoni ulishuka kwa usiku mmoja mpaka korongoni. Haukuua mtu.

Siku ya kuhama

Tulihama mwezi wa saba, shule ikiwa imefungwa. Mbele ya siku ile, mama alipika, na avenyu nzima ilikula kwetu. Aliaga kila nyumba kwa jina. Jirani wa ufunguo alimrudishia ufunguo, na wote wawili walilia, hata kama mlango haukuwepo tena.

Asubuhi, vitu vilipokwisha kupakiwa, mama aliwasha mbabula yake na kusema moto huo ndio atapikia kule. Mama mkwe wake, alisema, alihamisha moto vile. Dereva wa Fuso alikataa kabisa: moto pembeni ya bidoni ya mafuta, hapana. Walibishana, na kila mmoja alikuwa na haki. Mwishoni gari lilitangulia, na sisi tulitembea na mama kwa miguu, kijana wetu mkubwa akibeba mbabula kwa fimbo, tukiongeza makala njiani, watu wakitutazama kama wendawazimu. Katika mkono mwingine kijana alishika kitoto cha ule mugomba, kimefungwa katika gunia lenye maji.

Tulipofika, mama aliweka sufuria juu ya moto kabla hatujashusha kitanda. Chumvi aliyotia ni ile aliyoomba. Kesho yake alirudisha kijiko cha chumvi kwa nyumba ya kwanza.

Hatutaki kusema kama yote yalikuwa mazuri. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mbao, na baridi ya Bagira iliingia usiku. Wanunuzi wa makala ni wachache kuliko Kadutu. Mwaka wa kwanza mama alirudi Kadutu kila yenga kusali, na aliporudi alikaa kimya mpaka jioni. Lakini mugomba ulishika, ukazaa. Mkungu wa kwanza aliugawa nusu kwa majirani wapya, nusu aliupeleka kwa wale wa zamani.

Ndugu msomaji, kama uko katika nyumba ambayo inakufanya usikilize usiku, usingoje kilima kikufukuze, maana hapo utakuwa mkimbizi. Kaeni kikao mapema, wakati wa ukame. Mpelekeni mwenye kujua udongo akatazame, na mpelekeni mzee wenu akaombe chumvi. Mukienda, musimuuzie mtu mwingine hofu yenu. Wazee walitoa ng'ombe ili wapate pahali pa kusimamisha mguu. Kama mguu hausimami tena, kuondoka si kuwaasi.